Enrico Mattei, mkubwa wa gazi ambaye ndeke yake haikufika kiwanjani

Wandugu wa mugodi, na ninyi mama zetu munaosomaka ukurasa huu mbele papa hajarudi kazini, leo ninawaletea maisha ya mtu wa mbali. Jina lake ni Enrico Mattei, muzungu wa Italia. Hakuchimba shaba wala kobalti, kazi yake ilikuwa gazi na petroli. Lakini mambo yake yanagusa watu wa shimo kama sisi, na zaidi sana namna alivyokufa: ndani ya ndeke ndogo ya watu wane, dakika chache mbele ya kugusa kiwanja, jioni ya mvua. Na kisha, namna watu wakubwa walivyofanya anketi ya kifo chake.

Alizaliwa tarehe 29 mwezi wa ine 1906 ku Acqualagna, muji mdogo wa katikati ya Italia. Baba yake alikuwa askari, wa ile jamii wanayoita carabinieri, mshahara kidogo na watoto watano nyumbani. Jina la huyo papa lilisikika mara moja tu, mwaka 1901, alipokuwa kati ya wale waliomkamata Musolino, jambazi wa porini aliyetafutwa na nchi nzima. Kiisha jamaa ikahamia Matelica, na pale njo Enrico alikomaa. Shule haikumpenda na yeye hakuipenda. Papa yake akamtoa darasani, akamtia kazini angali kijana mdogo sana. Alianza kwa kupaka rangi vitanda vya chuma. Akaenda kwenye kiwanda cha kutengeneza ngozi, kama mtoto wa kutumwa huku na kule. Mbele ya kutimiza miaka 25 alikuwa anasimamia kile kiwanda. Wakati shida ya uchumi ilipofunga kiwanda, alikamata njia ya Milano, akauza bidhaa za viwanda, akafungua kiwanda chake kidogo cha mafuta ya kulainisha ngozi.

Sitaficha kitu: mwaka 1931 aliingia chama cha Mussolini, sawa na wengi waliotafuta makuta wakati ule. Wakati wa vita aligeuka. Akaingia upande wa wapiganaji waliopinga Wajerumani na watu wa Mussolini, katika kundi la Wakatoliki, na kazi yake zaidi ilikuwa kutafuta franga na silaha. Mwaka 1944 walimkamata, akatoroka. Vita ilipoisha mwaka 1945 alikuwa mmoja wa wakubwa waliotembea mbele Milano siku ya shangwe.

Hapo serikali mpya ikamupa kazi ambayo ilionekana kazi ya kuzika. Kulikuwa kompani ya serikali, Agip, iliyoanzishwa mwaka 1926 ili kutafuta petroli. Ilikuwa imekula franga nyingi na kupata kidogo sana. Mattei aliambiwa aifunge, auze mashini, arudishe watu nyumbani. Munajua hiyo hadithi. Tumeiona kwa macho yetu: mkubwa mpya anafika, anahesabu vyuma, anavitoa kwa bei ya chini, na wafanyakazi wanabaki na karatasi.

Huyu hakufanya vile. Alikaa na wainjinia na watu wa mashini za kutoboa udongo, akawasikiliza. Wakamwambia kwamba ku Caviaga, kwenye bonde la mto Po, mwaka 1944 walikuwa wamegusa gazi, na gazi si kidogo. Akaacha kuuza, akatoboa zaidi. Mwaka 1949 ku Cortemaggiore wakapata hata petroli. Ilikuwa petroli kidogo, lakini magazeti yalipiga kelele kama vile Italia imekuwa Arabuni, na Mattei akaacha kelele iendelee. Alipenda kelele kama inamufalia. Kwa kweli utajiri ulikuwa ile gazi.

Ili tuelewe gazi ilikuwa na maana gani, tukumbuke kwamba Italia haikuwa na makaa ya mawe ya kutosha. Mwaka 1946 serikali yake ilifanya mapatano na Ubelgiji: Italia itatoa vijana, Ubelgiji itatoa makaa. Ndiyo, watu kwa makaa. Ubelgiji ile ile ambayo wakati ule ilikuwa bwana wa Kongo, na ambayo wazee wetu waliichimbia shaba hapa, ilikuwa inapokea kule magari ya moshi yaliyojaa vijana wa Italia, ikawalaza katika kambi zilizokuwa za wafungwa wa vita, na asubuhi inawateremsha chini. Tarehe 8 mwezi wa munane 1956, ku Marcinelle, moto uliwaka ndani ya shimo. Walikufa watu 262, na kati yao Waitalia walikuwa 136. Kila metro ya gazi iliyotoka bonde la Po ilikuwa mkokoteni wa makaa ambao hakuna mtu atakufa juu yake.

Kupitisha mabomba ya gazi ilikuwa vita ingine. Watu wenye mashamba walikataa, wakubwa wa miji walitaka karatasi kumi. Mattei alituma watu wake usiku. Asubuhi muji unaamka, barabara imechimbwa, bomba iko ndani, udongo umerudishwa, na mkubwa wa muji anaweza kulalamika kama anapenda. Vyama vya siasa alivipa franga vyote, hata vile alivyochukia, sawa mtu anavyolipa shofere wa teksi: unapanda, unafika, unalipa, unashuka. Alisema hivyo yeye mwenyewe bila haya. Mimi simsifu kwa hiyo. Ile desturi ya kununua vyama ilibaki Italia miaka mingi kisha yeye kufa, na iliharibu mambo mengi.

Mwaka 1953 serikali iliunda kompani kubwa moja, ENI, ikaweka ndani Agip na zingine, na Mattei akawa mkubwa wake. Alama yake mulishaona pengine: mbwa mweusi wa miguu sita anayetoa moto mdomoni. Karibu na Milano alijenga kartie nzima ya wafanyakazi, Metanopoli, na nyumba, kanisa, viwanja vya mchezo. Kule milimani alijenga kijiji cha wafanyakazi kupumzikia na jamaa zao. Mimi mtu wa sendika, bosi anayejenga kanisa na uwanja wa mpira ninamwangaliaka vizuri mbele ya kupiga mikono. Sisi tulikomaa katika kartie za kampani, tunajua kwamba nyumba ni yako mpaka siku kazi inaisha. Lakini kuna jambo moja ninamupa haki yake. Mwisho wa mwaka 1953, ku Firenze, kiwanda cha Pignone kilitaka kufukuza wafanyakazi zaidi ya elfu moja. Wakakalia kiwanda, wakakataa kutoka. Mkubwa wa muji, Giorgio La Pira, akamutafuta Mattei mpaka akakubali kukichukua, na mwanzo wa 1954 kiwanda kikaingia chini ya ENI, kikaanza kufanya mashini za petroli. Jina lake lilibakia miaka mingi.

Sasa tufike kwenye jambo lililomuletea adui. Petroli ya dunia ilikuwa mikononi mwa kompani kubwa saba za Waamerika na Waingereza. Mattei njo aliyeziita dada saba, na jina likabaki. Hawa dada walikuwa na sheria yao: nchi yenye petroli inapata nusu ya faida, kompani inapata nusu. Mwaka 1957 Mattei alienda Irani na hesabu ingine. Tutaunda kompani moja, alisema, nusu yenu nusu yetu. Faida ikipatikana, serikali ya Irani inachukua kwanza nusu kama kodi. Nusu inayobaki tunagawana wawili. Hesabu mwenyewe: kwa franga 100, Irani inapata 50, kisha 25, jumla 75. Tena, gharama ya kutafuta ilikuwa juu ya Waitalia. Kama hawakupata kitu, hasara yao. Na zaidi ya franga, mtu wa Irani alikaa mezani kama mwenye mali, akaona vitabu vya hesabu.

Ninajua wasomaji wengine wanasema: zile asilimia zinatuhusu nini sisi? Kaa na mtoto wako mwenye kusoma, mufanye hesabu ya hisa ambazo nchi yetu iko nazo katika kompani za mugodi zinazotuzunguka, na nani anaona vitabu.

Dada saba walikasirika. Mattei akaongeza: mwaka 1960 alinunua petroli ya Warusi kwa bei ya chini, katikati ya ile vita baridi, na Waamerika wakakasirika pia. Alisimama upande wa Algeria wakati ilipokuwa inapigania uhuru, na Wafaransa waliokataa uhuru ule wakamuweka kwenye orodha yao. Alitembea Misri, Moroko, Ghana, akizungumza na nchi mpya zilizotoka mkononi mwa wakoloni. Kwetu hapa pia mkono wa ENI ulifika, nyuma ya kifo chake: rafineri ya Muanda kule Kongo-Central ilijengwa na kompani ya Wakongo na Waitalia, SOCIR.

Mtu wa namna hii hakaangi ofisini. ENI ilikuwa na ndeke zake, na moja iliyompeleka huku na kule ilikuwa Morane-Saulnier ya Ufaransa, ile wanaiita Paris. Ni ndeke ndogo: viti vine, mbili mbele na mbili nyuma, kifuniko cha kioo kinachosukumwa ili watu waingie, na reaktori mbili ndogo. Inakimbia sana, lakini ndani ni sawa gari ndogo. Rubani alikuwa Irnerio Bertuzzi, mtu aliyerusha ndeke wakati wa vita, si mwanafunzi.

Tarehe 27 mwezi wa kumi 1962, siku ya posho, Mattei alikuwa Sicilia, katika kijiji cha milimani, Gagliano. Watu wake walikuwa wamepata gazi pale. Kijiji kizima kilitoka, kilikuwa kijiji cha njaa, vijana wake walishaenda ngambo kutafuta kazi. Aliwaambia kwamba gazi italeta kazi, na wale waliokwenda mbali watarudi. Watu walipiga mikono mpaka ikauma. Mchana ulipoisha alienda kiwanja cha Catania. Pamoja naye alipanda William McHale, mwandishi wa gazeti la Kiamerika Time, aliyetaka kuandika habari zake. Waliruka karibu saa kumi na moja jioni, kuelekea Milano, safari ya karibu saa mbili.

Wale wetu waliopandaka ndeke ndogo kwenda Kolwezi ao Kalemie wanajua: kuruka si tatizo, kushuka njo tatizo. Rubani anapunguza mwendo mpaka ndeke inakaribia kuwa nzito kuliko upepo unaoibeba. Anashusha magurudumu, anafungua vibawa vya nyuma, anaangalia saa ya urefu, anasikiliza radio, na yote hayo udongo ukiwa karibu. Kule juu ukikosea una nafasi ya kusahihisha. Chini hauna. Na kama mawingu yamefunika, hauoni taa za kiwanja, unaamini tu sindano mbele yako. Jioni ile Milano ilikuwa na mvua na mawingu ya chini. Bertuzzi alizungumza na watu wa kiwanja cha Linate, akawaambia anashuka. Kiisha, dakika chache mbele ya saa moja ya jioni, radio ikanyamaza. Ndeke ilianguka katika mashamba ya Bascapè, kilometa chache tu toka kiwanja. Wote watatu wakafa. Vipande vyao na vya ndeke vilisambaa katika matope. Mattei alikuwa na miaka 56. Mke wake, Greta, hakuzaa naye mtoto.

Serikali iliunda tume. Tume ikatazama mvua, ikatazama uchovu, ikasema haikuona alama ya bomu. Waamuzi wa Pavia walifunga kitabu mwaka 1966. Ajali.

Lakini kulikuwa mkulima mmoja. Usiku ule, mbele ya wakubwa kufika, aliwaambia waandishi kwamba alisikia mshindo na kuona moto juu hewani, na vitu vikianguka kama nyota. Baadaye alibadilisha maneno: hapana, moto aliuona chini tu. Mtu aliyekuwa juu ya shamba lake, jicho lake wazi, anaona kitu kimoja usiku na kingine asubuhi.

Hapa munisamehe nitoke Italia kidogo. Mimi nilishakaa katika anketi za ajali. Katika shimo moja ambalo sitataja, jiwe lilianguka juu ya wandugu wawili katika zamu ya usiku. Nilifika saa kumi na mbili asubuhi. Mawe yalishaondolewa, mbao za kushikilia dari zilishabadilishwa na mbao mpya, mahali palifagiliwa kama nyumba ya arusi. Raporti ilisema kosa ni la marehemu. Kulikuwa kijana wa mashini aliyeniambia usiku kwamba mbao zilikuwa zinalia toka siku tatu. Juma lililofuata, mbele ya mkubwa, alisema hakusikia kitu. Sikumkasirikia. Alikuwa na mke na watoto wane, na kontra ya miezi sita. Kwa hiyo mkulima wa Bascapè mimi ninamuelewa. Neno la mtu mdogo linageuka kwa sababu mbili tu, hofu ao kitu alichopewa. Na mbao za zamani tungeziweka pembeni, leo zingesema zenyewe.

Ku Italia, bahati nzuri, vipande vingine vilibaki. Miaka ilipita. Mwaka 1970 mwandishi wa Palermo, Mauro De Mauro, aliombwa na Francesco Rosi, mtengenezaji wa sinema, atafute habari za siku mbili za mwisho za Mattei ku Sicilia. Katika mwezi wa kenda mwaka ule, jioni, mbele ya nyumba yake, watu walimchukua na gari. Mwili wake haujaonekana. Sinema ya Rosi ilitoka mwaka 1972. Mwaka 1994 Tommaso Buscetta, mkubwa wa mafia aliyeanza kusema siri zao, alisema kwamba mafia wa Sicilia waliifanya kazi ile kwa kuwafurahisha ndugu zao wa Amerika.

Njo mwendesha mashitaka wa Pavia, Vincenzo Calia, akafungua kitabu upya. Mwaka 1995 mwili wa Mattei ulitolewa kaburini. Wataalamu wa chuma wa Torino walichunguza vipande vilivyobaki vya ndeke na vile vilivyokutwa ndani ya mifupa. Chuma ina kumbukumbu, kila mtu wa shimo anajua: chuma iliyovunjika kwa kuanguka na chuma iliyopigwa na baruti hazifanani. Walikuta alama za baruti. Calia alifikia hivi: bomu dogo, gramu mia na kitu, liliwekwa nyuma ya zile saa za mbele ya rubani, na labda lilifungwa na kile kinachoshusha magurudumu. Yaani halikulia ndeke ilipopanda, wala katika zile saa mbili za njia. Lilisubiri rubani afanye jambo la kawaida kabisa, jambo analofanya kila rubani akikaribia nyumbani.

Na ule mvua njo ulikuwa wa kusema uongo. Ndeke ndogo, mawingu, usiku, inashuka: nani atauliza zaidi?

Mwaka 2003 Calia mwenyewe aliomba kitabu kifungwe. Aliona ni mauaji, lakini majina ya waliotenda na ya waliotuma hakuweza kuyathibitisha, wengi walishakufa. Juu ya De Mauro, bwana wa mafia Totò Riina alisimama mbele ya waamuzi wa Palermo, na mwaka 2011 wakamwachilia katika kesi ile, juu ya kukosa ushahidi wa kutosha. Gagliano walipata gazi, na vijana waliendelea kupanda gari la moshi kwenda kaskazini. Katika shamba la Bascapè kuna mahali pa ukumbusho sasa, na watu wa petroli wanakuja pale na maua. Mattei amelala Matelica, muji alikoanza kwa kupaka rangi vitanda.